Namna ya kupima na kurekodi nembo ya mawe waliyoacha askari, kabla haijapotea

Kama umesoma sekondari yoyote huku kusini, au umepita JKT, hii kitu unaijua hata kama hujawahi kukaa ukaifikiria. Njia ya kwenda ofisini imepangwa mawe pande zote mbili, yamepakwa chokaa, alafu pale kwenye mlingoti wa bendera kuna mwenge au ngao au ramani ya Tanzania imepangwa kwa mawe hayohayo, na ugeni ukitangazwa tu mnapewa ndoo na mifagio mnapaka upya. Sasa chukua picha hiyo uipeleke jangwani Marekani mwaka 1942.

Mwaka huo jeshi la Marekani lilimpa Jenerali Patton kazi ya kuandaa sehemu ya kufundishia askari wa kwenda kupigana na Wajerumani na Waitaliano kwenye jangwa la Afrika Kaskazini. Akachagua jangwa la California, baadae eneo likapanuliwa mpaka Arizona, likawa kama kilomita za mraba 46,000, yaani karibu mara tatu ya mkoa mzima wa Mtwara. Kambi zilikuwa za mahema, Camp Young, Iron Mountain, Granite, Coxcomb, Ibis, Clipper, upande wa Arizona Bouse, Horn, Hyder na Laguna. Inakadiriwa askari milioni moja walipita pale mpaka eneo lilipofungwa mwaka 1944. Patton mwenyewe hakukaa sana, Novemba 1942 alikuwa tayari anashuka na majeshi yake pwani ya Moroko.

Askari walikuta mawe kila mahali. Ili upige hema lazima uondoe mawe, na ukishayaondoa unayafanyia nini, unayapanga pembeni ya njia, na usiku yanakusaidia usipotee maana mahema yote yanafanana. Baada ya hapo ile hamu ya kusema sisi ni kikosi fulani inakuja yenyewe, wakaanza kupanga nembo za vikosi vyao chini ardhini. Pale Iron Mountain wamejenga mpaka altare mbili za mawe za ibada, na ramani kubwa ya ardhi yenye milima na mabonde yake ya kufundishia. Mahema yaling'olewa, magari yakaondoka, mawe yamebaki mpaka leo.

Naandika mwongozo huu kwasababu shule niliyosoma mimi, sitaitaja, ilikuwa na mwenge wa mawe kwenye uwanja wa paredi uliopangwa na mwalimu aliyekuwa askari mstaafu pamoja na wanafunzi waliotutangulia. Tuliufagia miaka minne. Nilivyorudi kutembea baadae nikakuta greda limeshapita, wanasawazisha wajenge madarasa, na madarasa yanahitajika sikatai, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na picha yake. Hakuna aliyejua ulikuwa na urefu gani wala ulielekea wapi. Nilijaribu kuuchora kwa kumbukumbu nikashindwa kukumbuka kama mpini ulikuwa na mistari miwili au mitatu. Iliniuma na bado inaniuma, kazi ya masaa mawili tu na futi ya fundi ingetosha.

Kwahiyo nitaeleza namna ya kuifanya hiyo kazi. Njia ni ileile iwe uko jangwani California, iwe ni shuleni Nachingwea, iwe ni kilimani Newala ambako umeambiwa na mjomba kuna mawe yamepangwa tangu vita vya Mjerumani.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Anza na ruhusa. Huku kwetu unaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, unajitambulisha, unaeleza unataka kupiga picha na kupima, huchimbi. Sema hilo neno mapema kabisa, HUCHIMBI, maana watu wa kusini wamechoshwa na watu wanaokuja kutafuta dhahabu ya Mjerumani, na ukionekana na jembe tu umeshaharibu. Kuchimba mahali pa kale bila leseni ni kosa kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Kama mawe yako ndani ya shamba la korosho la mtu basi mwenye shamba nae aulizwe, na usiende wakati wa msimu anaokota, utamkuta ana haraka na atakujibu ilimradi uondoke.

Vifaa ni vya kawaida. Futi ya fundi ya mita 5 na kama utapata ile ndefu ya mita 30 ni bora zaidi, kamba ya manila, vigingi vinne au sita, daftari la mraba yale ya hesabu, penseli, rula ya sentimita 30 ya kuweka kwenye picha, simu iliyojaa chaji na mwanzi mrefu. Mwanzi nitaueleza mbele. Maji ya kunywa usisahau, na kofia.

Jambo la hatari nalo nilimalize hapahapa. Mahali walipokaa askari kunaweza kuwa na risasi au bomu ambalo halikulipuka. Kule jangwani walikuwa wanafanya mazoezi kwa silaha za kweli na mpaka leo wanaotembelea wanaonywa. Huku kwetu vita ilipiganwa kweli, Mahiwa karibu na Nyangao kuanzia tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917 ilikuwa moja ya mapigano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande mmoja na Waingereza na askari wa Nigeria na KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza) upande mwingine. Ukiona chuma chenye umbo la chupa au yai, usikiguse, usikipige teke, usimtume mtoto akuletee. Weka alama mbali nacho, toa taarifa polisi.

MUDA WA KWENDA

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanafika saa sita mchana jua liko utosini, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wanakuta picha ina rangi moja tu, mawe na udongo havitofautiani. Nembo ya mawe inaonekana kwa kivuli. Jiwe la sentimita 10 likipigwa na jua la saa kumi na mbili unusu asubuhi linatoa kivuli kirefu kuliko lenyewe mara nyingi, na mstari ambao mchana ulikuwa huuoni unajitokeza kama umechorwa na wino. Nenda asubuhi saa kumi na mbili unusu mpaka saa mbili, au jioni kuanzia saa kumi na nusu. Sisi tuko kama digrii 10 kusini mwa ikweta, kwahiyo karibu na tarehe 20 Oktoba na tena mwishoni mwa Februari jua linapita juu ya kichwa kabisa, saa sita kivuli chako unakikanyaga. Siku hizo mchana pumzika, usihangaike.

Na ukipata nafasi nenda mara mbili, asubuhi NA jioni, maana asubuhi kivuli kinalala upande wa magharibi na jioni upande wa mashariki. Ila mstari unaoelekea mashariki-magharibi haujitokezi vizuri kama ule wa kaskazini-kusini, iwe asubuhi iwe jioni.

Msimu nao una maneno yake. Huku nenda kiangazi, mwezi wa saba mpaka wa kumi, majani yamekauka. Ukienda mwezi wa pili utakuta nyasi mpaka kiunoni. Jangwani hawana shida hiyo na ndo sababu kubwa kazi ya wale askari imedumu, mvua ni chache, mimea ni michache, hata alama za minyororo ya vifaru zilizopita miaka ya 1942 na 1943 bado zinaonekana kwenye ardhi. Linganisha na kule Fovant Uingereza ambako askari wa vita ya kwanza walichora nembo za vikosi vyao kwa kukata nyasi za kilima mpaka chokaa nyeupe ya chini ikatokea, kuanzia 1916. Kule wasipotunza nyasi inameza, na zipo zilizokwishapotea. Kusini yetu iko karibu zaidi na Fovant kuliko na jangwa, usijidanganye kwamba mawe yatakusubiri.

UKIFIKA

Usiingie ndani. Najua miguu itataka kwenda katikati kusimama pale, ila zunguka kwanza nje, taratibu, mzunguko mzima, huku umekunja mikono. Angalia tu. Kila jiwe lipo pale lilipowekwa na mkono wa mtu na ukilisogeza kwa kiatu hata nusu shubiri umebadilisha alichoandika.

Baada ya hapo piga picha ya eneo zima kutoka pembe nne, kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, na kila picha ioneshe kitu kisichohama nyuma yake, kilima, mbuyu, jengo. Halafu picha za karibu ukiwa umeweka rula pembeni, sio juu ya jiwe. Washa location kwenye simu, na andika namba za latitudo na longitudo kwenye daftari pia, simu huibiwa.

Picha ya juu ndo tamu. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na huwezi kuirusha tu kisa umeazima, kwahiyo sisi tunatumia mwanzi. Mwanzi wa mita 4 au 5, simu unaifunga kwenye ncha yake ya juu kwa mpira wa tairi la baiskeli kamera ikiangalia chini, unaweka taima ya sekunde 10 au ile ya kupiga mfululizo, mtu mmoja anashika mwanzi akiwa nje ya nembo anauinamisha juu yake. Tembea hatua moja, piga, hatua moja, piga. Picha ziingiliane, yaani nusu ya picha hii ionekane kwenye ile inayofuata, ili baadae uweze kuziunganisha ziwe picha moja.

KUPIMA

Watu wanaogopa hapa bila sababu, fundi yeyote wa kuseti msingi wa nyumba anaijua hii kazi. Piga kigingi nje ya nembo upande mmoja na kingine upande wa pili, vuta kamba ipite juu ya sehemu ndefu kuliko zote, iwe imekaza na isiguse mawe. Hiyo ni kamba mama. Laza futi kando yake kuanzia kigingi cha kwanza, hapo ni sifuri. Sasa kwa kila jiwe unachukua namba mbili tu, liko umbali gani kwenye kamba mama, na liko umbali gani kutoka kwenye kamba kwenda kulia au kushoto. Kwa mfano "jiwe la 14, mita 2.35, kulia 0.80". Ule umbali wa pembeni lazima utoke kwa kona ya mraba, na kama huna skwea tumia tatu-nne-tano ya mafundi, sentimita 60 kwenye kamba mama, 80 pembeni, na mshazari ukisoma mita 1 kamili basi kona yako imenyooka.

Ukirudi kwenye daftari la mraba, sentimita 1 ya karatasi iwe sentimita 20 za ardhini. Weka nukta kwa kila jiwe. Na weka mshale wa kaskazini, tafadhali, mchoro usio na kaskazini unampa shida kila atakaekuja baada yako.

Mwaka juzi nilikwenda na wanafunzi kupima ngao ya mawe kwenye shule moja upande wa Mikindani, kama mazoezi. Mawe 164. Walikuwa wanasoma namba kwa sauti na mmoja anaandika, ilienda vizuri mpaka tulivyofika upande wa kushoto, binti mmoja akasema mwalimu haya sio mawe. Nikainama nikaangalia. Kwa juu yote yalikuwa meupe chokaa tupu, lakini pembeni karibu na udongo chokaa ilikuwa imebanduka, upande wa kulia ni jiwe la matumbawe lina vishimo vishimo kama sifongo, upande wa kushoto ni vipande vya tofali la saruji, vimenyooka, vina kona. Mawe 41 yalikuwa tofali. Tulivyomuuliza mlinzi wa siku nyingi pale akasema ndio, lori la mchanga lilirudi nyuma likavunja upande ule, wakaurudishia na mabaki ya ujenzi. Bila kuandika aina ya jiwe tusingejua. Kwahiyo ongeza safu ya tatu kwenye daftari lako: jiwe la namna gani.

KUSOMA JIWE LENYEWE

Jangwani mawe yaliyokaa juani miaka mingi mno yanajenga ngozi nyeusi au ya kahawia juu yake, ina madini ya chuma na manganizi, na inajijenga polepole sana, sio kwa umri wa mtu. Ukiona jiwe ubavu wake wa juu ni mweupe mweupe na la jirani yake ni jeusi, ujue hilo jeupe liligeuzwa chini juu na mtu. Askari wenyewe waliyageuza mengi wakati wanayapanga. Kwetu ngozi hiyo hakuna, ila kuna yale madoa ya kijivu na kijani yanayoota juu ya jiwe, na kuna mstari wa udongo. Jiwe lililokaa pale muda mrefu limezama, udongo mwekundu umelishika kiunoni. Lililowekwa juzi limekaa juu juu. Usilinyanyue kuhakikisha, angalia tu kwa pembeni, lala kifudifudi ikibidi.

KUSOMA NEMBO

Vikosi vingi vya vifaru vya Marekani vilikuwa na nembo moja yenye asili moja: pembetatu yenye rangi tatu, njano ya askari wa farasi, bluu ya askari wa miguu, nyekundu ya mizinga, katikati mnyororo wa kifaru na mzinga na radi, na juu kabisa namba ya divisheni. Kwahiyo ukikuta pembetatu ya mawe kwenye kambi kama Ibis au Iron Mountain unaanza kutafuta namba sehemu ya juu. Divisheni za miguu kila moja ilikuwa na yake, ya 33 iliyofanya mazoezi Camp Clipper nembo yake ni msalaba wa njano kwenye duara jeusi, ya 77 iliyokuwa Hyder ni sanamu ya Uhuru ya New York. Mawe hayana rangi hizo, umbo ndo linaongea, usilazimishe. Kama unaona kitu kama msalaba andika "mistari miwili imekatana", tafsiri iweke kwenye mstari mwingine ili mtu akija na akili tofauti aweze kukupinga.

Angalia pia nembo inasomeka ukiwa umesimama wapi. Simama pale ambapo umbo linakaa sawa, tazama nyuma yako. Kuna njia ilipita hapo? Palikuwa na mlingoti? Yule aliyepanga alitaka isomwe na mtu anaetokea upande huo, na mara nyingi hapo ndo utagundua lango la kambi lilikuwa wapi.

Kama huwezi kufika California, na wengi wetu hatutafika, fungua Google Earth, andika Camp Iron Mountain au Camp Ibis, sogea taratibu. Barabara za kambi utaziona zimepigwa mistari kama mitaa ya mji ambao nyumba zake zimeondolewa. Kwenye kompyuta kuna sehemu ya kuchagua picha za miaka iliyopita, jaribu moja moja mpaka upate iliyopigwa jua likiwa chini. Mimi bando langu la wiki limeishia huko mara nyingi na sijutii.

WAZEE

Kwa mawe ya huku kwetu, usiondoke bila kukaa na wazee. Shikamoo kwanza, kaa, ongea habari za mvua na bei ya korosho, kahawa kama ipo. Usiulize "haya mawe aliweka Mjerumani?" maana babu wa watu kwa heshima atakuitikia ndio. Uliza "haya mawe babu uliyakuta?" alafu nyamaza. Muulize na bibi, kwetu huku habari za ukoo na za mashamba ziko kwa akina mama zaidi na mara nyingi bibi anajua nani alilima pale kabla. Omba ruhusa ya kurekodi sauti. Wazee wa sasa hawakuiona vita ya 1914 mpaka 1918 ila baba zao na babu zao walibebeshwa mizigo, hata jina Kariakoo limetokana na hao wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, na wapagazi hawakuacha nembo yoyote. Kwahiyo kama mzee anakuambia jina la mtu wa ukoo wake aliyechukuliwa akabebeshwa risasi, liandike, hata kama halihusiani na mawe uliyoyafuata.

USIFANYE HAYA

Usirudishie jiwe linalokosekana, hata kama pengo linaonekana kabisa. Pengo nalo ni habari. Usipake chokaa nembo ya zamani ili itoke vizuri kwenye picha, na usichore kwa chaki juu ya mawe. Shule inayopaka ngao yake kila mwaka hiyo ni nyingine, ile bado ina wenyewe na wao ndo wanaamua, wewe rekodi tu na uwaachie nakala. Usibebe jiwe la ukumbusho. Na usitangaze mahali penyewe hasa kama hapana ulinzi, andika kijiji inatosha, namba za latitudo baki nazo wewe na ofisi ya kijiji. Kule Iron Mountain wameshalazimika kuzungushia uzio kwasababu magari yalikuwa yanapita juu.

KUHIFADHI

Siku hiyohiyo jioni, kabla hujalala, hamisha picha, zipe majina yenye tarehe na kijiji na upande, nakili namba za daftari kwa usafi. Nakala moja baki nayo, moja ofisi ya kijiji, moja shule ya karibu kwa mwalimu wa historia, na moja weka kwenye barua pepe yako mwenyewe. Karatasi zichapishwe, simu za wote zinaharibika.

Mvua zikiisha mwezi wa tano rudi, simama palepale ulipopigia picha ya kwanza, mbuyu uleule nyuma, piga tena, alafu hesabu mawe.